iCivics: michezo ya uraia iliyoanzishwa na aliyekuwa seneta na jaji wa rufani wa Arizona

iCivics ni tovuti ya michezo ya kompyuta na masomo yanayofundisha jinsi serikali ya Marekani inavyoendeshwa. Huduma yake ni bure kwa mwanafunzi, mzazi na mwalimu. Sandra Day O'Connor aliianzisha 2009, kwanza kwa jina la Our Courts, miaka mitatu baada ya kustaafu Mahakama ya Juu ya Marekani. Watu wengi wanamjua kwa jambo moja: mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo. Kabla ya hapo alikuwa seneta wa jimbo na jaji wa Mahakama ya Rufani ya Arizona, na sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo tunayoitumia hapa kuipima bidhaa aliyoiacha.

Hukumu yetu ni hii. Kwa kumfundisha mtoto wa miaka 11 hadi 17 haki za Katiba na ubishi wa hoja mahakamani, iCivics haina mpinzani wa karibu kwa bei hiyo ya sifuri. Kwa kumfundisha serikali ya jimbo na mahakama ya rufani, yaani mahali mwanzilishi alipokulia kikazi, ina pengo kubwa, na mzazi au mwalimu lazima alizibe mwenyewe. Namna ya kuliziba tumeieleza humu ndani.

Njia ya O'Connor ilipita katika mihimili yote mitatu ya dola, na yote ndani ya jimbo moja. Kuanzia 1965 hadi 1969 alikuwa mwanasheria msaidizi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Arizona. Mwaka 1969 kiti kimoja cha Seneti ya jimbo kilibaki wazi, na wasimamizi wa Kaunti ya Maricopa wakamteua akijaze. Alikitetea kwenye uchaguzi mara mbili, na 1973 akawa kiongozi wa walio wengi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika seneti ya jimbo lolote Marekani. Mwaka 1974 aligombea ujaji wa kaunti akashinda, na kuanzia 1975 akawa anasikiliza kesi zenye mashahidi, juri (raia wanaoteuliwa kuamua kesi) na mahabusu wanaoletwa kizimbani. Mwaka 1979 gavana Bruce Babbitt wa Democratic alimteua yeye, mtu wa Republican, kwenda Mahakama ya Rufani. Miaka miwili baadaye Rais Reagan akampendekeza Mahakama ya Juu, na Seneti ya Marekani ikampitisha kwa kura 99 kwa 0. Tangu alipostaafu 2006, hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile aliyewahi kushika nafasi ya kuchaguliwa kwa kura. Hilo peke yake linatosha kutufanya tuichukulie kazi yake ya jimboni kwa uzito.

Kuanza hakuhitaji mambo mengi. Fungua icivics.org, nenda sehemu ya michezo, chagua mchezo, bonyeza kucheza. Huhitaji akaunti ili kucheza. Akaunti inahitajika pale mtoto anapotaka alama zake zihifadhiwe, na pale mwalimu anapotaka kupakua maandalizi ya somo au kufungua darasa. Mwalimu akifungua darasa hupata msimbo. Wanafunzi wanauingiza, na yeye anawapangia kazi na kuona nani ameimaliza. Mzazi anayefundisha nyumbani naye ajisajili kama mwalimu, kwa sababu akaunti ya mwanafunzi haimpi majibu ya mazoezi.

Kuhusu vifaa, michezo hii inachezwa ndani ya kivinjari. Mzigo wa kwanza wa kila mchezo ni mkubwa, kwa hiyo kwenye mtandao wa pole subiri mstari wa kupakia ufike mwisho kabla ya kudhani umekwama. Kuufungua upya kila mara kunaurudisha mwanzo na kumaliza bando bure. Kompyuta kongwe yenye kumbukumbu ndogo itakwamakwama. Funga kurasa nyingine zote kwanza. Kwenye simu, maandishi ya michezo kadhaa huwa madogo mno kusomeka kwenye kivinjari, hivyo kwa ile yenye programu ya simu, kama Do I Have a Right?, pakua programu. Ukikutana na kiungo cha zamani kisichofunguka, huenda ni mchezo uliotengenezwa kwa Flash. Teknolojia hiyo ilizimwa mwishoni mwa 2020 na baadhi ya michezo ya zamani ilikwenda nayo. Usihangaike kutafuta njia ya mkato ya kuufufua, chagua mwingine.

Lugha ni Kiingereza, na michezo mikubwa kadhaa ina Kihispania pia. Kiswahili hakimo. Kwa familia za Waswahili walioko Columbus, Minneapolis au Dallas hii si kasoro ndogo, maana mara nyingi mtoto anaelewa mchezo na mzazi haelewi anachoulizwa. Kinachosaidia ni kwamba michezo kadhaa ina sauti inayosoma maandishi na faharasa ya maneno magumu. Viwashe vyote viwili mwanzoni, hata kama mtoto anasema hahitaji. Mtoto aliyefika Marekani karibuni hushindwa kwa sababu ya kasi ya kusoma, na mchezo hauwezi kumtofautisha na yule asiyeelewa sheria.

Sasa michezo yenyewe. Hatutaipitia yote. Tumechagua ile inayogusa kazi ya utungaji sheria na ya mahakama.

LawCraft inakuweka kwenye kiti cha mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Unachagua suala, unasoma wananchi wa eneo lako wanataka nini, unaandika muswada kwa kuchagua vipengele, kisha unatafuta kura. Hapo ndipo mchezo unapokuwa na thamani. Muswada unaoupenda wewe haupiti. Unaopita ni ule ambao wenzako wa mrengo mwingine wameweka kitu chao ndani. Wachezaji wengi hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hujaza vipengele vyote vinavyopendwa na wapiga kura wake na kukosa wingi. Wa pili huachia kila kitu ili apate kura, na mwisho anakuwa na sheria ambayo watu wake hawaitambui. Namna nzuri ni kuamua mapema kipengele kimoja usichokiachia, halafu vingine vyote uvitumie kwa kubadilishana. O'Connor, akiwa kiongozi wa walio wengi, ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kutwa: kuhesabu kura kabla muswada haujafika ukumbini.

Tatizo ni kwamba mchezo unasimulia Bunge la Washington peke yake. Mtoto anaumaliza bila kujua kwamba sheria ya leseni ya udereva, ya pango la nyumba, ya talaka na ya mtaala wa shule yake hutungwa kwenye mji mkuu wa jimbo lake. Baada ya LawCraft, mpe mtoto karatasi na umchoree jimbo. Tukichukua Arizona: kuna wilaya 30, kila moja ikitoa seneta 1 na wajumbe 2 wa baraza la chini, hivyo maseneta ni 30 na wajumbe 60. Kikao huanza Jumatatu ya pili ya Januari. Muswada unahitaji kura 16 kwenye Seneti na 31 kwenye baraza la chini, hata kama wajumbe waliohudhuria ni wachache. Kabla ya kufika ukumbini unapita kwenye kamati ya mada husika, kisha kwenye Kamati ya Kanuni, ambayo kazi yake ni kuangalia kama muswada unapingana na Katiba na kama umeandikwa ipasavyo. Ukishapita mabaraza yote mawili, gavana ana siku 5 za kuamua wakati bunge likiwa kwenye kikao. Mwambie mtoto aucheze LawCraft mara ya pili akiwa na namba hizo mkononi. Ataona jinsi kura moja au mbili katika seneti ya watu 30 zinavyoweza kumpa seneta mmoja nguvu ambayo mjumbe mmoja kati ya 435 hawezi kuiota.

Do I Have a Right? ndio mchezo bora kuliko yote humu. Unaendesha ofisi ya mawakili. Wateja wanaingia, wanakaa, wanasubiri, na subira yao inapungua mbele ya macho yako. Unamsikiliza mmoja, unaamua kama malalamiko yake yanalindwa na Katiba, na kama yanalindwa unampeleka kwa wakili anayekijua kifungu husika. Wakili anakwenda mahakamani na kurudi na matokeo. Ukishinda unapata alama, na alama hizo unazitumia kuajiri mawakili wengine, kuwaongezea ujuzi na kuboresha ofisi. Mwisho wa kila siku ya mchezo linatoka gazeti lenye habari za kesi zako. Kuna toleo la marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba tu, na toleo kamili. Anza na lile la marekebisho kumi. Toleo kamili linamchanganya mtu mpya mapema mno.

Makosa hapa yanajirudia kwa kila anayeanza, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni kumwona kila mteja ana haki. Katiba ya Marekani, kwa sehemu kubwa sana, inamzuia mtu wa serikali: polisi, shule ya umma, mahakama, ofisi ya jimbo. Mteja anayelalamikia mzazi wake, jirani au rafiki huenda ana uchungu wa kweli lakini kesi yake si ya Katiba. Mfundishe mtoto aulize swali moja kabla ya jingine lolote: nani amefanya jambo hili? Likijibiwa vizuri, zaidi ya nusu ya kazi imeshafanyika.

La pili ni kutupa kila kitu kwenye Marekebisho ya Kwanza, yale ya uhuru wa kusema na wa dini, kwa sababu ndiyo yanayojulikana. Kuna vifungu vinavyokaa karibu na kuchanganywa sana: Marekebisho ya Nne yanahusu upekuzi na ukamataji, ya Tano yanamlinda mtu asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe na asishtakiwe mara mbili kwa kosa lilelile, ya Sita yanampa mshtakiwa wakili, kesi isiyocheleweshwa na juri. Mteja aliyehojiwa na polisi na mteja aliyenyimwa wakili kizimbani wanafanana ukiwasoma harakaharaka. Soma sentensi ya mwisho ya malalamiko yao, maana tofauti mara nyingi imefichwa hapo.

La tatu ni la usimamizi. Mchezaji anatumia alama zote kwa samani huku ofisi ina mawakili wawili tu. Wateja wenye haki halali wanakaa, subira inaisha, wanaondoka na hasira. Ajiri kwanza, na chagua wakili ambaye kifungu chake hakipo ofisini. Samani baadaye. Na mteja mwenye haki asifukuzwe kwa sababu tu huna wakili wake siku ile. Kumwambia hana haki wakati anayo kunakugharimu kuliko kumsubirisha.

Hapo sifa zinaishia kidogo, kwa sababu mchezo huu mzuri unatoa picha ya mahakama isiyo na rufani. Wakili akirudi ameshindwa, faili limefungwa. Katika maisha, siku ile ya kushindwa ndiyo siku ambayo kazi ya jaji wa aina ya O'Connor wa 1979 inaanza.

Court Quest inajaribu kuziba pengo hilo. Raia mbalimbali wanakueleza shida zao, na wewe unawaongoza hadi mahakama sahihi: ya jimbo au ya shirikisho, ya kusikiliza kesi kwanza au ya rufani. Kama mchezo wa kupanga, ni mzuri. Mtoto akiumaliza anajua kwamba Marekani haina ngazi moja ya mahakama, ina ngazi mbili zinazokwenda sambamba, na kwamba talaka na ajali ya barabarani huanzia upande wa jimbo. Kwa msomaji aliyezoea Tanzania, yenye Mahakama ya Rufani moja kwa nchi nzima, hili ni jambo la kulitazama mara mbili. Majimbo mengi ya Marekani yana mahakama zao za rufani za kati, na juu yake mahakama zao za juu kabisa. Ya Arizona ni changa. Ilianza kazi 1965 na ina vitengo viwili, cha kwanza Phoenix na cha pili Tucson. O'Connor alikuwa cha Phoenix, kitengo ambacho, mbali na kesi za kaunti zake, hupokea rufaa za jimbo zima kuhusu fidia za wafanyakazi walioumia kazini na kuhusu kodi.

Kasoro ya Court Quest ni kwamba inakufikisha mlangoni pa mahakama ya rufani na kukuacha hapo. Kinachofanyika ndani hukioni. iCivics ina somo la maandishi linaloitwa Appellate Courts: Let's Take It Up ambalo linasaidia, na tunashauri lichapishwe na lifanywe mara tu baada ya Court Quest. Hata hivyo somo la karatasi kadhaa halishindani na mchezo unaometameta, na watoto huliruka. Kwa hiyo mwenye kufundisha aijue kazi yenyewe vya kutosha kuieleza kwa mdomo.

Inakwenda hivi. Mtu akishindwa kesi ya madai katika mahakama ya kaunti ya Arizona, kwa kawaida ana siku 30 tangu hukumu iingizwe kuwasilisha notisi ya rufaa. Ukiikosa tarehe hiyo, ubora wa hoja zako haukusaidii kitu. Kisha mwenendo wa kesi unakusanywa: nyaraka, vielelezo, na maandishi ya kila kilichosemwa ukumbini. Mrufani anaandika hoja zake, akionyesha ukurasa gani wa mwenendo una kosa na sheria gani imekiukwa. Mjibu rufaa anajibu, na mrufani anaruhusiwa kujibu tena. Faili linakwenda kwa jopo la majaji watatu. Hakuna shahidi, hakuna juri, hakuna ushahidi mpya. Mawakili wakipewa nafasi ya kusema, ni dakika chache, na muda mwingi wanajibu maswali ya majaji. Baadaye jopo linatoa uamuzi wa maandishi: kuthibitisha hukumu, kuitengua, au kuirudisha kwa jaji wa kaunti akafanye upya sehemu iliyoharibika. Kura mbili kati ya tatu zinatosha. Anayetaka kwenda mbele anaiomba Mahakama ya Juu ya Arizona, ambayo kwa kesi nyingi ina hiari ya kukubali au kukataa. Hukumu za kifo ndizo zinazoruka hatua ya kati na kwenda huko moja kwa moja.

Jambo linalowashinda watu wazima, achilia mbali watoto, ni kiasi cha heshima ambayo majaji hao wanaipa mahakama ya chini. Swali la sheria, kwa mfano maana ya kifungu fulani, jopo linalitazama upya kana kwamba hakuna aliyewahi kulijibu. Swali la ukweli, kwa mfano taa ilikuwa nyekundu au kijani, jopo haliligusi kama kuna ushahidi wa kutosha kwenye mwenendo, kwa kuwa jaji wa kaunti ndiye aliyemwona shahidi uso kwa uso. Na kosa ambalo wakili hakulipinga pale pale ukumbini kwa kawaida hupotea, kwa sababu rufani haianzi kesi mpya. O'Connor alifika kwenye jopo akiwa amekaa miaka minne kwenye kiti cha kaunti, na kabla yake miaka sita akizitunga sheria alizokuwa sasa akizitafsiri. Ni nadra jaji kujua kutoka ndani jinsi maneno ya sheria yanavyoishia kuwa na utata: mara nyingi ni kwa sababu kura ya kumi na sita isingepatikana bila utata huo.

Argument Wars ndio unaomkaribia zaidi jaji wa rufani, ingawa umewekwa Mahakama ya Juu. Unachagua kesi moja kati ya kesi za kweli, unachagua upande, kisha unachagua kifungu cha Katiba kinachobeba hoja yako. Baada ya hapo unacheza kwa kadi. Kila kadi ina hoja, na haitoshi kuitupa mezani. Unaulizwa kwa nini inahusika, na unapaswa kuchagua maelezo sahihi. Mpinzani akileta hoja isiyohusika unaweza kumpinga. Ukimpinga ovyo, unapoteza. Mwishoni unaambiwa mahakama ya kweli iliamua nini.

Miongoni mwa kesi zake kuna mbili zilizotoka Arizona: Miranda ya 1966, kuhusu haki za mtu anayehojiwa na polisi, na Gault ya 1967. Tunashauri uanze na Gault, kwa sababu inamhusu mtoto na kwa sababu inaonyesha rufani ina thamani gani kwa kuonyesha hali ilivyokuwa pasipo nayo. Gerald Gault alikuwa na miaka 15 aliposhtakiwa kwa kupiga simu yenye maneno machafu. Alikamatwa wazazi wake wakiwa kazini, wala hawakuachiwa taarifa. Kwenye shauri lake hakukuwa na wakili, mlalamikaji hakufika, na maneno yaliyosemwa hayakuandikwa. Akapelekwa shule ya marekebisho hadi atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilohilo angelipa faini ya dola 5 hadi 50, au kukaa jela isiyozidi miezi miwili. Na sheria ya Arizona ya wakati huo haikuruhusu rufaa katika mashauri ya watoto. Familia ililazimika kuomba amri ya kumleta mtoto mahakamani ili uhalali wa kushikiliwa kwake uchunguzwe, na kwa njia hiyo ya kuzunguka kesi ikapanda hadi Washington. Mei 1967 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mtoto naye ana haki ya kujulishwa mashtaka, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi na kutojitia hatiani.

Ukiucheza upande wa Gault, chagua Marekebisho ya 14, kifungu cha utaratibu wa haki. Wachezaji wengi hukimbilia ya Sita kwa kuwa yametaja wakili. Hapo ndipo wanapoteza mwelekeo: mahakama ilijenga uamuzi wake juu ya utaratibu wa haki ambao jimbo linalazimika kuufuata, na kadi zenye nguvu zinaegemea huko. Kisha ucheze upande wa Arizona pia. Hoja ya jimbo, kwamba mahakama ya watoto ni ya kulea na wala haikuundwa kuadhibu, ilikuwa hoja ya watu makini, na mtoto anayeweza kuitetea kwa dakika kumi ataielewa hukumu vizuri kuliko aliyeambiwa tu nani alishinda.

Michezo mingine tunaipita haraka. Branches of Power inakupa mihimili yote mitatu uiendeshe kwa zamu, na inafaa kumwonyesha mtoto kwamba sheria inaweza kupita bungeni, kutiwa saini na bado ikaanguka mahakamani. Ni mzuri kwa utangulizi, mwepesi kwa kina. Win the White House inapendwa kuliko yote madarasani wakati wa uchaguzi, lakini kwa mada yetu haina la kuongeza.

Kuna onyo moja kwa wanaojiandaa na mtihani wa uraia wa Marekani. Wengi huelekezwa iCivics wakidhani ni mazoezi ya mtihani. Si hivyo. Mtihani ni wa mdomo, na majibu hayachaguliwi kutoka kwenye orodha. Aliyewasilisha ombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anajiandaa na maswali 128, anaulizwa hadi 20 na anatakiwa kupata 12. Aliyewasilisha kabla ya hapo yuko kwenye utaratibu wa maswali 100, akiulizwa hadi 10 na kutakiwa 6. Orodha hizo zinatolewa bure na idara ya uhamiaji, na huko ndiko pa kusomea. Mzee mwenye miaka 50 au zaidi aliyekaa na ukaazi wa kudumu kwa miaka 20, au mwenye 55 na ukaazi wa miaka 15, anaruhusiwa kufanya mtihani huo kwa lugha yake akiwa na mkalimani, Kiswahili kikiwemo. Mwenye 65 na ukaazi wa miaka 20 ana orodha fupi ya maswali 20. Kwa wazee hawa, Do I Have a Right? akicheza mjukuu huku akitafsiri kwa sauti kunasaidia kuelewa sababu za majibu, lakini orodha lazima ikaririwe.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa mtoto anayeanza: Do I Have a Right? toleo la marekebisho kumi, kisha LawCraft pamoja na ile karatasi ya jimbo, kisha Court Quest na somo la rufani siku hiyohiyo, halafu Argument Wars kwa kesi ya Gault, pande zote mbili. Mingi kati ya michezo hii inamalizika ndani ya nusu saa hivi. Usibane yote kwenye Jumamosi moja. Baada ya mchezo wa pili mtoto huanza kubonyeza bila kusoma, na alama zake zitakudanganya kwamba ameelewa.

Watengenezaji wakitaka kuongeza kitu kimoja, tunawaomba mchezo wa jopo la majaji watatu wa jimbo. Mchezaji apewe kurasa za mwenendo, hoja za pande mbili, na sheria moja yenye utata. Atafute kama kosa lilipingwa ukumbini, aamue kama ni swali la sheria au la ukweli, kisha amshawishi walau mwenzake mmoja kati ya wawili kabla ya kuandika uamuzi. Kazi ya kuhesabu kura tayari wanajua kuitengeneza, imo kwenye LawCraft. Kazi ya kupima hoja imo kwenye Argument Wars. Na kesi ya mfanyakazi wa Phoenix aliyeanguka kutoka kwenye ngazi, akanyimwa fidia, inatosha kabisa kuanzia.